Nafaka Iliyoingia Ngomeni

Mzee mmoja alitoka kwake Karen, mtaa wa matajiri wa Nairobi, akaja kwetu Riruta kumposea mwanawe dadangu. Baba alimkaribisha, kahawa ikamiminwa, mazungumzo yakaenda vizuri hadi alipouliza ukoo wetu wa Mombasa. Baba akamtajia. Mgeni akaweka kikombe chini.

"Samahani, ndugu yangu. Nyinyi ndio mliowapelekea Wareno nafaka ngomeni, wazee wetu wakiwa nje wamewazingira. Damu hiyo siwezi kuichanganya na yangu."

Vita hivyo vilipiganwa karne ya kumi na nane. Dadangu alikuwa nyuma ya pazia ameshika sinia la vitumbua, akasikia kila neno. Baba alikana, akakana tena, lakini mgeni akaaga akaenda zake. Mwaka uliofuata Baba alilazwa hospitalini Upper Hill, na hata siku alipokata roho alikuwa akiniambia, "Si sisi, mwanangu. Si sisi."

Mazishini sikulia sana. Nilikuwa nimeshaamua kuwa mzee yule atalipa, tena mbele ya watu.

Kwa miaka miwili, kila Jumamosi, nilishuka mjini kutafuta. Kwenye nyaraka za serikali niliambulia vumbi na barua za wakoloni waliokuja baadaye sana. Hatimaye nikaelekezwa kwa mwalimu wa madrasa, mtu mzima anayeishi nyuma ya maduka ya vitambaa. Alikuwa na kitabu cha nasaba, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hakukubali kitoke nyumbani mwake, ila alinifundisha kukisoma, polepole, kidole kikifuata mstari.

Siku moja kidole kikasimama. Aliyepeleka nafaka alitajwa kwa jina lake, la babake na la babu yake. Hakuwa wetu. Wetu aliuawa chini ya ukuta wa ngome akimbeba majeruhi. Na majina yale matatu niliyajua: yalikuwa kwenye orodha ya wahenga iliyotundikwa katika fremu ya dhahabu sebuleni kwa mzee wa Karen. Dadangu bado alikuwa na picha ya fremu hiyo simuni, aliyotumiwa na mchumba wake siku za raha.

Nilicheka hadi mwalimu akakunja uso. "Soma na mstari unaofuata."

Mstari ulisema mtu yule alikuwa na binti aliyeshikwa ndani ya ngome, njaa ikimwua. Vita vilipokwisha, watu wa mji walikaa, wakamsamehe, wakakatazana kulitaja tena jambo lile.

Nilimwomba mwalimu nakala ya ukurasa huo. Alisita, akanipa.

Mwezi uliofuata mzee aliwaalika kwake Karen jamaa wa Pwani wanaoishi Nairobi, waje kula chakula cha mchana na kusikia ushujaa wa wazee wake. Nilifuatana na shangazi. Alipomaliza kusimulia, nilisimama.

"Ami, kwa kuwa wapenda historia, naomba nisome kidogo."

Nilisoma majina matatu, nikasoma habari ya nafaka, kisha nikawaomba wageni watazame ukutani. Vichwa vikageuka. Hakuna aliyeendelea kula.

"Lete hiyo karatasi," akasema. Nikampa. Aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena, ndipo nikatambua kuwa herufi zile hazijui.

"Mbele inasemaje?" aliniuliza kwa sauti ndogo.

"Ni hayo tu, Ami."

Mwanawe, yule aliyekuwa amuoe dadangu, alimshika bega akamwingiza ndani.

Nilimpigia dadangu simu. Siku hizi ameolewa Malindi. "Alilia?" akauliza. Nikamwambia bado kidogo alie. Alivuta pumzi, akasema, "Laiti Baba angekuwepo," kisha akakata.

Habari zilimfikia mwalimu. Jumamosi iliyofuata nilimwamkia mlangoni. Aliitikia marahaba, akafunga mlango taratibu bila kunikaribisha. Nilirudi Riruta nikapika pilau, nikala sahani mbili. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile.