Vene, umeniacha peke yangu na mashine

Jamani, akili yangu imegoma kabisa. Vene hayupo! Ijumaa tuliachana kwa vicheko, Jumapili presha ikamchukua, jana tumemzika kwao Matombo.

Kwa msiomjua: Veneranda, mtaalamu wa mionzi. Tulikuwa wawili tu kwenye chumba cha CT scan hapa Moro, miaka sita.

Wiki yangu ya kwanza nilimpima kifua bibi mmoja wa Mgeta, mwembamba, kwa setting ya mionzi iliyobaki kutoka kwa baba mnene aliyemtangulia. Picha ikatoka safi, nikajisifu. Vene akaniwakia: "Mwaju, umembebesha mionzi ya watu wawili! Hakuja kupiga picha ya harusi, kaja tuone mapafu."

Nililia chooni. Akanifuata na maandazi, tukala.

Toka siku hiyo, kabla sijabonyeza, lazima aulize: "Mwili gani huo?" Kila mgonjwa! Ilinichosha, Mungu anisamehe.

Kina mama wa milimani mabega yamekakamaa kwa kubeba matenga ya kabichi, mikono haipandi juu ya kichwa. Na mikono ikibaki ubavuni picha inaharibika, mashine inaongeza mionzi. Vene alikuwa anawasugua mabega taratibu, anapiga nao stori kwa Kiluguru, huku foleni nje inanung'unika.

Halafu anawafanyisha mazoezi ya kubana pumzi mpaka waweze. Hakutaka mtu apigwe picha mara mbili.

Daktari akilalamika kwamba picha za mionzi midogo, kwa setting alizozishusha Vene, zina chenga, Vene ndiye aliyekuwa anabishana naye. Mimi nilikuwa najifanya nafuta meza.

Leo nimerudi kazini. Upweke wa kile chumba, weee! Simu ikaita, ni yule daktari.

"Picha ina chenga. Pandisha mionzi, turudi kama zamani."

"Dokta, kile kivimbe kwenye pafu la mgonjwa unakiona?"

"Nakiona."

"Unaweza kukipima ukubwa?"

"Naweza."

"Basi inatosha, dokta. Sipandishi."

Akakata simu. Nikageuka nione unavyonicheka, Vene. Kiti kitupu.

Setting zako hatazigusa mtu, nakuahidi. Ila leo nimebishana na daktari kwa mara ya kwanza maishani, na sina wa kumsimulia.

Ulale pema, dada'angu.