Makofi Tuliyompigia Mgeni

Mizabibu ile mume wangu aliipanda mwaka tuliooana, na mimi ndiye niliyeinywesha kwa ndoo ya kichwani. Nilitoka Kibakwe na darasa langu la nne, sijui kingine ila jembe. Mji wa Dodoma ulikuwa mbali nasi. Serikali ilipohamia, mji ukaanza kutufuata, mpaka tukawa tunapogolea mizabibu huku tunasikia honi.

Majina siyataji. Vyeo navitaja, na wenyewe wanajijua: mwenyekiti wetu wa mtaa, mtendaji wa kata, na afisa mipango miji. Hao watatu.

Mwenyekiti alituita mkutano kwenye uwanja wa shule ya msingi. Ajenda hakusema, alisema kuna mgeni kutoka mjini. Tukavaa nguo za kanisani tukaenda. Afisa akasimama na koti lake kwenye jua lile, akazungumza habari za ramani, barabara na viwanja. Kiingereza kilikuwa kingi humo ndani, na wazee wetu ambao hata Kiswahili wanakitafuta walibaki wanamtazama mdomo tu. Alipomaliza, mwenyekiti akapaza sauti, "Mgeni wetu, makofi matatu ya nguvu!" Tukapiga. Kwetu mgeni hapigiwi makofi kwa alichosema, anapigiwa kwa kuwa amekuja. Hakuna aliyeuliza nani anakubali, nani anakataa. Mgeni akapanda gari akaenda zake.

Mtendaji akaandika kwenye muhtasari kwamba wananchi wameafiki kwa makofi, mashamba yapimwe viwanja. Mwenyekiti akatia sahihi. Ni jirani yangu huyo. Mke wake alipojifungua, uji aliokunywa niliupika mimi.

Sisi tulijua siku tulipokuta vijana wanachimbia bikoni za saruji, zile alama za mipaka ya viwanja, katikati ya mizabibu. Tukakimbilia Makole kwa wakili wa msaada wa kisheria, binti wa umri wa mwanangu, ofisi yake iko juu ya duka la mabati. Akatuamkia shikamoo mmoja mmoja, akatutafutia viti kwa jirani. Akatueleza kwamba tunaweza kuiomba mahakama iupitie uamuzi wa ofisi ya mipango miji, ione kama ulifuata haki. Kisha akashika kalamu.

"Wazee wangu, nataka ukweli. Siku ile mlipiga makofi?"

Jirani mmoja tuliyekwenda naye akawahi, "Andika hatukupiga. Nani alituhesabu mikono?"

Mume wangu akatikisa kichwa. "Nilipiga, binti yangu. Siapi uongo. Lakini kama makofi ndiyo kukubali, basi mimi nina wake wangapi? Kila harusi niliyoalikwa nimepiga."

"Ishia hapo hapo, mzee," nikamwambia. "Hata mmoja umemshindwa."

Tukacheka wote, na wakili naye. Akaandika hivyo hivyo kwenye kiapo: tulipiga, na tulimpigia mgeni.

Mahakama ikatoa zuio, mtu asiguse mashamba mpaka kesi iishe. Wakili alilipeleka kwa mkono siku ya Ijumaa. Pale ofisini kwa afisa wakamwambia anayepokea barua ametoka, arudi Jumatatu. Jumamosi asubuhi afisa akaja na tingatinga.

Mume wangu akasimama mbele ya tingatinga na nakala ya zuio mkononi.

"Mzee," afisa akasema, wala hakuisoma, "hiyo haijapita ofisini kwangu."

Tingatinga likamzunguka, likaanzia mistari ya nyuma, ile ya kwanza kabisa kupandwa. Nguzo zikavunjika, waya ukavutwa, zabibu mbichi zikiwa bado zimening'inia. Mume wangu akaanguka pale pale, mdomo umekwenda upande. Hakusema tena neno, na kabla ya masika tukamzika. Hospitali walisema presha. Mimi nasema afisa.

Hukumu ilisomwa mume wangu hayupo. Jaji alisema makofi yale hayakuwa jibu, kwa kuwa hakuna swali lililoulizwa. Uamuzi wa ofisi ukatenguliwa. Majirani wakanikumbatia pale nje ya mahakama, wengine wanalia. Nikamgeukia wakili.

"Kwa hiyo shamba ni langu?"

"Mama, mahakama haikuamua shamba ni la nani. Imesema ofisi ilipaswa kuwasikiliza kwanza. Sasa irudi iwasikilize, ndipo iamue."

"Ofisi ipi?"

"Ile ile, mama."

Akaangalia chini. Sikumlaumu, si yeye aliyeitunga sheria.

Afisa yule wakamhamishia mji mwingine, nasikia ni mkubwa kuliko wa kwetu. Hiyo ndiyo adhabu yake. Mtendaji yupo. Mwenyekiti yupo, tukikutana njiani anajifanya anasoma simu. Mkutano wa pili, wa kutusikiliza, ulikuja na afisa mpya. Zamu yangu ilipofika nikasimama, nikasema kuhusu mizabibu, kuhusu mume wangu, kuhusu Jumamosi ile. Alipotaka kumwita mwingine, nikamwomba asome alichoandika.

Akakohoa. "Mama mjane ametoa maoni yake na kushukuru."

"Sikushukuru," nikasema. "Futa."

Mwenyekiti akaanza kuninong'oneza, "Mama, heshima basi," sikumgeukia. Afisa akafuta. Nikasema tena tangu mwanzo, polepole, naye akaandika, akasoma, nikamrekebisha, akasoma tena. Ndipo nikakaa chini.

Uamuzi mpya haujatoka mpaka leo. Nikienda kuuliza naambiwa nisubiri. Wakili aliniambia maadamu wa zamani umetenguliwa na mpya haupo, hakuna aliyeninyang'anya kitu kisheria. Basi mvua zilipoanza nikaomba pingili za mizabibu kwa waliosalia na mashamba, nikazipanda katikati ya bikoni zao. Itachukua miaka kuzaa, na umri wangu naujua.

Mwenyekiti alinikuta nachimba, akasimama barabarani.

"Mama, unapanda kwenye viwanja vya watu."

"Watu gani?" nikamuuliza. "Walete waseme, nitawasikiliza."

Akaondoka. Nikahamia shimo lingine.