Namba ya Mzee

Nimehama miji na kazi mara nyingi, lakini ninachokitamani hadi leo ni kile kiwanda kidogo cha maziwa upande wa Ngaramtoni, kilichoniajiri nilipomaliza kidato cha nne. Miaka ile viwanda vya umma vilikuwa vinafungwa na vya watu binafsi vinafunguliwa.

Mwendesha mitambo mkuu alikuwa mzee wa Kiarusha, mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri. Kiwanda cha serikali alichokitumikia tangu ujana kilikuwa kimekufa. Kwa umri wake, akitoka pale hakuna ambaye angemchukua tena.

Mtambo wa kuchemshia maziwa ulikuwa na skrini ya kugusa. Kila dakika iliweka kumbukumbu ya joto la maziwa. King'ora kikilia, iliandika saa, na namba ya mtu aliyekinyamazisha. Kila mmoja wetu alipewa namba yake. Lakini kijana ataanzaje kugusa skrini kabla ya mzee? Kwa hiyo kila zamu ikianza tuliingiza kwanza namba ya mzee, kama mtu anavyotoa shikamoo, kisha tukaendelea na kazi kwa namba hiyo hiyo. Baada ya mwezi, namba zetu tulikuwa tumezisahau. Mzee alijua, na ilimpendeza.

"Nyie mmelelewa," alituambia.

Jumapili moja tulikuwa zamu wawili tu, mimi na mtu wa boila, aliyeupa mtambo mvuke. Yeye akaenda kunywa chai, mvuke ukapungua, joto likashuka, king'ora kikalia. Mtambo ulikuwa na akili: maziwa ambayo hayajaiva uliyarudisha yakazunguke upya. Nami nilikuwa katikati ya hadithi ya gazetini, mke karibu kumfumania mume. Nikanyamazisha. Kikalia tena. Nikanyamazisha tena.

Jumatatu meneja alituita akiwa na karatasi ndefu iliyotoka kwenye mtambo.

"Mzee, jana saa nne asubuhi umenyamazisha king'ora mara kumi na moja. Maziwa yamezunguka saa nzima."

"Jana saa nne nilikuwa kanisani, bosi."

"Mashine inasema ulikuwa hapa."

"Basi iulize tuliimba wimbo gani."

Mtu wa boila akakohoa kuficha kicheko. Meneja hakucheka. Alifunua karatasi nyingine.

"Hapa inaonyesha hujapumzika tangu mwezi uliopita. Usiku na mchana. Ama unanidanganya, ama umegawa namba yako. Yote mawili ni kufukuzwa."

Mzee aliikunja kofia yake, akaikunjua. Hakunitazama. Angenitazama, pengine ningekaa kimya.

"Ni mimi, bosi," nikasema. "Mzee hakunipa namba. Tuliichukua wenyewe."

"Yako ina kasoro gani?"

"Haina. Ila ningemtangulia mzee."

Meneja, ambaye naye alikuwa kijana tu, alinikodolea macho. "Hata akiwa kanisani?"

"Hasa akiwa kanisani."

Mzee akabaki kazini. Mimi niliambiwa nirudishe koti na gambuti siku hiyo hiyo.

Mzee alinisindikiza hadi getini, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia kijana yeyote. Tulisimama pale, baridi ya Mlima Meru ikitupiga.

"Mara kumi na moja," akasema. "Mimi ningenyamazisha mara moja, nikamfuate yule bwana na chai yake."

"Nisamehe, mzee."

"Nimekusamehe. Lakini ungenidharau kidogo tu, mwanangu, ungekuwa na kazi."