Ya Bule ao ya Mahagi?

Musinicheke haraka. Wakati ya vita, hata weye ungetetemeka.

Siku bibi yangu Furaha na miye tulitimiza miaka kumi ya ndoa, nilichagua ile nyumba ya zamani ya nyama ya kuchoma, kule mutaa ya Rwambuzi. Tulienda muchana, juu mangaribi hakuna mutu alikuwa anatoka. Masasi ilikuwa inalia mbali kidogo. Tulipoikala tu, mwanaume mumoja akatoka nyuma na kisu murefu yenye damu. Akasimama mbele yetu, akauliza:

"Ya Bule ao ya Mahagi?"

Bule ni fasi moja, Mahagi ni ingine. Siku zile, ku barrière, pale watu ya bunduki walifunga njia na kuuliza mutu ni ya fasi gani, jibu mubaya ilikuwa kifo. Na Furaha ni mutu ya Bule. Nikaruka, nikatoa karte yangu ya kitambulisho.

"Miye ni ya Mahagi, muzee! Huyu mama simujui! Nimemukuta hapa tu!"

Akaangalia kisu yake, akaniangalia.

"Papa, niliuliza nyama ya ng'ombe. Iko ya Bule, iko ya Mahagi."

Furaha akasogeza kiti yake pembeni, polepole.

"Miye unipe ya Bule," akamuambia. "Huyu papa, simujui."