Krosi Yatima

Mzee Hashimu hakuvumilia gari linalolia. "Gari likilia, ujue mwenyewe kalala," alikuwa akisema, tena kwa hasira, kama aliyetukaniwa mama yake. Alikuwa Mrangi wa milima ya Kondoa, fundi wa kazi za chini ya gari, na kwa miaka kumi na tisa uwanja wake wa Chang'ombe, Dodoma mjini, ndio uliokuwa hospitali ya mkonga wetu. Mkonga ni Lendikruza la zahanati ya Haneti, lile lenye bomba la hewa lililosimama pembeni ya kioo. Mimi Obedi ndiye dereva wake.

Propela ni mtaimbo unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma, nao huungwa kwa kiungo chenye umbo la msalaba. Mafundi wanakiita krosi. Krosi ziko za aina mbili. Moja ina kichuchu cha kutilia grisi. Ukiilisha kila wiki, itakuzika. Nyingine imefungwa kiwandani na grisi yake ndani, haihitaji mtu, na siku grisi yake ikikauka nayo imekwisha. Hiyo ya pili mzee aliiita yatima. "Haina wa kuilisha," alisema, na hakuiruhusu ipite kwenye uwanja wake.

Kila Alhamisi nilipokuja mjini kuchukua dawa, alilala chali juu ya boksi chini ya mkonga, pampu ya grisi kifuani. Alifuta kichuchu kwa kitambaa, akapiga pampu mpaka grisi chafu itoke pande zote nne za krosi. "Isipotapika haijashiba," alinifundisha. Kisha utani wake uleule: "Ninyi Wakristo msalaba mnauvaa shingoni tu. Mimi Mwislamu naulisha kila wiki."

Mwaka huu sukari ilimwingia machoni. Hakusema. Siku moja nilimwona akimimina chai pembeni ya kikombe. Ikatiririka mezani, naye akaendelea kumimina huku akinisimulia habari za Kondoa. Nilisogeza kikombe taratibu, nikanyamaza. Nilijiambia ni heshima. Ulikuwa uoga.

Mwezi wa tisa, siku ya Jumamosi, nilimbeba Ruthu, binti wa palepale Haneti, mwenye uchungu wa mimba yake ya kwanza, nikimpeleka hospitali ya mjini. Hatujafika mbali nikasikia chini ya sakafu mlio mwembamba, kama kifaranga kilichopotewa na mama yake. Nikasema moyoni, mzee ameilisha juzi tu. Nikakanyaga mafuta. Kwenye korongo la mchanga, kabla hatujaikamata lami, krosi ikaachia. Propela ikaanguka, ikajipigapiga na kukata bomba la dizeli. Mpaka nilipoifungua propela, nikaunga bomba kwa kipande cha mpira na kuendelea kwa magurudumu ya mbele, muda wa saa tatu ulikuwa umepita, na Ruthu alikuwa ameacha kupiga kelele. Mtoto alizaliwa hospitali akiwa ameshafariki. Siku namrudisha nyumbani, Ruthu aliniambia, "Asante, kaka." Asante hiyo bado inanichoma.

Baadaye niliikagua krosi. Zile sindano zake ndogo za ndani zilikuwa zimesagika zikawa unga mwekundu. Hazikuwa zimeona grisi kwa miezi. Lakini pembeni ya kichuchu palikuwa na donge la grisi mpya, safi, kubwa kama tonge la ugali. Alikuwa ameimimina pembeni, kama ile chai. Nililifuta donge lote kwa shati langu kabla sijampelekea propela.

"Krosi imekufa, mzee."

"Imefia wapi?"

"Huko huko Haneti. Gari lilikuwa tupu."

Aliipapasa propela. "Nenda kwa Khalidi. Niletee yenye kichuchu. Usiniletee yatima."

Khalidi ni mpwa wake, ana duka la spea mtaa wa pili. Alipima vikombe vya krosi ya zamani, akaweka mbili juu ya kaunta, zote za kipimo kilekile. Nilizigeuzageuza kama mtu anayechagua nyanya. Nikichukua yenye kichuchu, ninamrudishia mzee Alhamisi yake, na Ruthu mwingine atalala korongoni. Ningeweza kuilisha mwenyewe, lakini ningempokonyaje pampu?

"Chukua iliyofungwa," Khalidi akasema polepole. "Mjomba haoni."

"Kumbe unajua?"

"Mtaa mzima unajua, kaka Obedi. Nani amwambie?"

Niliichukua yatima. Uwanjani nikamwambia zile nyingine zimekwisha dukani. Mzee aliipokea, akapitisha dole gumba katikati ya msalaba. Laini. Akapitisha tena, taratibu, akitafuta.

"Zimekwisha?"

"Zimekwisha, mzee."

"Khalidi kanipigia asubuhi. Mzigo wake umeingia jana."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika hata getini. Nilisimama nimeshika kofia. Yeye hakugomba, na ningeshukuru kama angegomba. Aliinama akaifunga ile krosi kwa kupapasa: vikombe, pete za kuzuia, alama za propela zikatazamana sawasawa. Hakukosea hata kimoja. Mikono yake ilikuwa bado fundi.

Alipomaliza alikaa juu ya tairi, akajifuta kidole kimoja kimoja.

"Gari halikuwa tupu," alisema.

Nikamweleza yote: chai, kifaranga, donge la grisi, Ruthu. Alisikiliza ameuelekeza uso kwenye ukuta.

"Wa kike au wa kiume?"

"Wa kike."

"Inna lillahi," alisema, na machozi yakamtoka katika macho yale yasiyofaa tena kwa kazi nyingine. Nami nililia. Kisha alinyoosha mkono akaitafuta pampu, akanikabidhi.

Sasa kila Alhamisi ninayelala juu ya boksi ni mimi. Springi bado zina vichuchu vyake. Mzee anakaa juu ya tairi, anasikiliza.

"Imetapika?"

"Imetapika, mzee."

"Angalia vizuri."

"Nimeangalia."

Nikifika kwenye propela ninapita moja kwa moja. Anasikia boksi linavyoburuzika bila kusimama, na kila wiki anauliza.

"Na hapo?"

"Hapo hapana pa kulisha, mzee."

"Najua," anasema. "Nauliza tu."