Fundi wa Saa Saba Mchana

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, halafu unisikilize. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, pale Asiatique, mtaa wa maduka katikati ya Bujumbura, na sikuwa nimelewa wala sikuwa na homa. Mi si mtu wa kuona majini. Hata kwenye mikesha ya maombi huwa nasinzia.

Mdogo wangu Bella alianguka na pikipiki ya abiria akiwa mwaka wa mwisho wa chuo. Mifupa ilipona, vidole havikupona. Kubonyeza kompyuta ya kawaida kulimuumiza hadi analia, na bado alikuwa na mémoire, ile kazi ya kumalizia chuo, ya kuandika kabla mwezi haujaisha. Nilijitolea nimwandikie. Akakataa katakata: kazi yake, mikono yake. Basi binamu yetu aliyeko Ubelgiji akatuma kibodi ya vitufe laini, ukivigusa kidogo tu vinaitika. Ila ilifika vipande vipande. Kila kitufe kina swichi yake, kila swichi ina miguu miwili ya chuma, na kila mguu lazima uulehemu mwenyewe kwenye bodi kwa risasi ya kuyeyusha.

Nani afanye? Mimi, ambaye sijawahi kushika chuma cha kulehemia maishani. Niliazima kimoja kwa jirani hapo kwetu Kanyosha, nikakaa kwenye meza ya kulia. Nilikuwa nayeyusha risasi kwenye ncha ya chuma halafu naipaka kwenye mguu wa swichi, kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate. Ikawa inakaa juu tu, kidonge, haishiki. Nikakazania, nikachoma, nikachoma tena, mpaka kile kiduara cha shaba kwenye bodi kikabanduka chote. Mungu wangu. Na bodi ni hiyo moja tu. Bella alikuwa mlangoni ananitazama.

Kesho yake nikaifunga bodi na swichi zake kwenye kitenge, nikaenda Asiatique kutafuta fundi. Kwa haraka zangu nikasahau kitu ambacho hata mtoto wa Bujumbura anakijua: mchana watu wanafunga, wanaenda kula na kupumzika. Nikafika saa saba, milango ya chuma yote imeshushwa. Barabara tupu, jua linachoma utosi. Nilitaka kukaa chini nilie. Ndipo nikaona mlango mmoja uko nusu wazi, na moshi mwembamba wa risasi unatoka.

Ndani alikaa mwanamume wa makamo, shati jeupe limefungwa vifungo hadi shingoni. Nikamsalimia. Vidole vyake vilikuwa na masizi, basi akaninyooshea kifundo cha mkono nikishike, kama tunavyofanya kwetu mtu akiwa na mikono michafu. Niamini, kile kifundo kilikuwa baridi. Si baridi ya mtu aliyetoka kunawa. Ilinipanda hadi begani. Nikajisemea, labda ni mgonjwa, maskini.

Akaitazama bodi, hakunicheka. Akanivutia kiti, akanipa chuma mkononi, akanielekeza taratibu: ncha iguse mguu na kiduara kwa pamoja, vyote viwili vipate moto kwanza, halafu risasi uilete kutoka upande wa pili.

"Usiipake," akasema. "Pakiwa moto, itaingia yenyewe."

Na kweli ikaingia, ikang'aa. Pale nilipobandua, akatandika kawaya kembamba mpaka kwenye njia ya shaba iliyo karibu. Tukaenda hivyo, swichi moja baada ya nyingine, hadi zote zikaisha. Nilifurahi, sikufichi, hata uoga niliusahau.

Akauliza kibodi ni ya nani. Nikamweleza yote, ajali, vidole, mémoire. Akakichukua chuma mkononi mwangu.

"Umulete mwenyewe," akasema. "Mikono nayo inaungika. Mi niko hapa kila siku saa hii."

Nikacheka nikidhani ananitania. Nikageuka nichomoe chuma kwenye umeme, nimsaidie kupanga meza. Hapakuwa na cha kuchomoa. Waya wa kile chuma ulikuwa umekatika, umelala sakafuni kwenye vumbi, na chuma bado kinatoa moshi mkononi mwake. Ameshika wapi? Ameshika pale penye moto, kwa vidole vitupu, na wala hakuna harufu ya kuungua.

Nilitokaje, usiniulize. Nilijikuta barabarani, kitenge chenye bodi kifuani, nahema. Wenye maduka walipoanza kurudi, nikamfuata mama muuza vitambaa wa mlango wa jirani, nikamuuliza habari za yule fundi. Akanitazama vibaya. Akasema fundi wa pale aliuawa na umeme, mchana, wenzake wamekwenda kula, na tangu hapo hapajafunguliwa. Tukaenda kutazama pamoja. Kufuli lilikuwa limeota kutu.

Kibodi inafanya kazi hadi leo, herufi zote. Mama yetu alitaka kuichoma, Bella akailalia. Nilikuwa nimemsimulia kila kitu nikidhani ataogopa, wapi. Aliandika, akatetea mémoire yake, tukapiga vigelegele nyumba nzima. Nikadhani yameisha.

Hayakuisha. Vidole vyake vinazidi kukakamaa, siku hizi hata kijiko kinamshinda. Na kila mchana anatafuta viatu.

"Dada, nionyeshe tu mulango," ananiambia. "Kibodi aliiunga. Mi nitamushinda?"

Sijamuonyesha na sitamuonyesha. Wenye maduka nimewapigia magoti wasimwambie. Kila siku kabla ya saa saba naacha kazi, nakimbia nyumbani kumlinda, na bosi wangu ameshachoka nami. Juzi nilichelewa. Nikamkuta Asiatique, peke yake kwenye lile jua, anapita mlango hadi mlango, anagonga kwa kiwiko.

Kwa hiyo wewe unayenisikia, ukipita pale saa za mapumziko ukaona mlango uko nusu wazi, endelea na safari yako, hata uwe na shida gani. Na ukikutana na msichana mwembamba, mikono ameikunja kifuani, anakuuliza kwa upole kama umeona fundi anayefanya kazi saa hii, mwambie hujui. Hata kama umemuona, mwambie hujui. Halafu mzuie hapo hapo kwa maneno yoyote, mi niko njiani nakuja.