Mashine Mbili, Anwani Moja

Fsss. Upepo ukitoka kwenye silinda, halafu kimya. Lorna Vandehey ameusikia mlio huo miaka yote ya kazi yake katika kiwanda cha jibini nje kidogo ya Kaukauna, Wisconsin, wala hakuwahi kuujali, mpaka siku ulipotokea upande usiostahili.

Ni fundi umeme. Mwanamke mfupi, mjane asiyetaka kuhurumiwa, mvi zake huzifunga nyuma kwa kipande cha waya. Ijumaa jioni hula samaki wa kukaanga na wenzake. Mchana hucheza nao shipshedi, karata walizoziacha wazee wa Kijerumani wa eneo hilo. Mpinzani wake ni Rollie Skenandore, Mwoneida, wa kabila la wenyeji asilia wa Amerika, mwenye vidole virefu, ambaye akichanganya karata utadhani anazimimina.

"Lia mapema, dada, baadaye hutapata nafasi."

"Gawa, mzee. Mdomo hauna pointi."

Kiwandani kuna mashine mbili za kushindilia jibini, ya kaskazini na ya kusini, pacha kabisa, katikati ukuta wa bati. Ndani ya kabati la kila moja kuna kidhibiti, kisanduku kinachoiamrisha mashine, na vidhibiti vyote viwili vilitoka kwa mtengenezaji vikiwa na anwani ileile, namba ambayo kompyuta hutumia kukipata kidhibiti. Haikumsumbua mtu. Kila mashine ilikuwa peke yake. Fundi alifungua kabati, akachomeka waya wa kompyuta yake, akazungumza na hiyo tu. Kisha ofisi ikataka kuona kila kitu kwenye skrini zake. Waya zikavutwa, mashine zote zikaingizwa katika mtandao mmoja, na hakuna aliyekumbuka kubadilisha anwani.

Siku hiyo ya kaskazini iligoma. Malori ya maziwa yalikuwa yamepanga foleni uani, na meneja, Dwight Hoeft, hakuacha kupiga simu. Lorna hakufungua kabati. Alichomeka waya kwenye tundu la ukutani lililokuwa karibu, akaandika anwani, kidhibiti kikaitika. Programu ikalingana. Akachungulia mashine iliyokuwa mbele yake: hakuna mtu.

"Inashuka!" akapaza sauti, kama desturi yao, akabonyeza.

Skrini ikasema sahani ya chuma inayoshindilia jibini imeshuka. Sahani ya mbele yake haikutikisika.

Fsss, nyuma ya ukuta.

Alikimbia. Alimkuta Rollie amesimama mbele ya mashine ya kusini, mikono kaibana kwapani, uso hauna damu. Mashine ilikuwa imezubaa tu, naye akaingiza mkono kuchomoa kalibu ya jibini iliyonasa. Hakutundika kufuli lake kwenye swichi ili mashine isiweze kuwashwa, kwa kuwa lilikuwa jambo la mara moja. Mkono uliwahi kutoka. Glavu ilibaki chini ya sahani, imelala bapa kama jani kitabuni.

"Ilikuwa mbovu hiyo glavu," Rollie alisema. Akajaribu kucheka, meno yakagongana.

Anwani ikabadilishwa. Rollie akaonywa kwa sababu ya kufuli, Lorna kwa sababu ya waya, ikasemwa yamekwisha. Lakini tangu hapo kidole cha Lorna hakimtii. Mezani, Rollie akigawa, yeye hutazama vidole vya mwenzake badala ya karata zake mwenyewe, na hushindwa michezo ambayo hata mtoto angeshinda.

"Unanihurumia au umezeeka?" Rollie alimuuliza juzi.



Leo ya kaskazini imegoma tena.

"Unganisha kutoka ofisini, Lorna," Dwight alisema. "Anwani tumeshazitenganisha, nimeona kwa macho yangu."

"Nakwenda kabatini."

"Maziwa yatachacha huko nje!"

"Yachache."

Alifungua kabati, akachomoa waya wa mtandao, akauacha ukining'inia. Akachomeka wake, mfupi. Sasa kompyuta na kidhibiti havikuwa na mtu wa tatu. Kidhibiti kikaitika, taa ikawa kijani. Hata siku ile taa ilikuwa kijani.

Alitakiwa kupaza sauti kwamba inashuka. Kidole kikabaki hewani. Nyuma yake Dwight alikuwa anahema, na mafundi waliozoea kumwona akifanya kazi hii huku akipiga soga wakaanza kutazamana.

"Bonyeza basi, mama," mmoja akasema, "au tukuitie padri?"

Hakuna aliyecheka. Kama leo hawezi, kesho atampa nani kompyuta hii, na yeye mwenyewe atakuwa nani humu ndani? Kufuli jekundu la Rollie lilikuwa limetundikwa kwenye swichi ya kusini. Lorna alikuwa amekwenda kulishika, akarudi, akaenda tena kulishika. Halikumtosha.

Rollie akatokea taratibu nyuma ya ukuta, akasimama mbali kidogo na mashine, mahali anapoonekana.

"Niko hapa, dada."

Lorna hakugeuka kumtazama Dwight wala mtu mwingine. Midomo yake ilicheza kidogo sana, hata waliokuwa jirani hawakusikia kitu, na Rollie ikabidi asome maneno usoni mwake.

"Nyanyua mikono yako niione," alinong'ona. "Yote miwili."